Ernst Mcha Mungu wa Gotha: Mtawala Aliyefufua Shule Kabla Vita Havijakwisha

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni desturi njema kuwakumbuka waliotutangulia: wainjilisti, walimu, wazee wa kanisa, na akina mama waliobeba mawe ya msingi kichwani. Katika kurasa hizi tunamkumbuka mtu wa mbali zaidi, ambaye hakuwahi kuikanyaga ardhi ya Afrika, na ambaye jina lake halitajwi mara nyingi katika madarasa yetu ya Kipaimara. Huyu ni Ernst, mtawala wa Gotha katika Ujerumani ya karne ya 17, aliyepewa na watu wake jina la Mcha Mungu. Tunamweka katika kitabu hiki kwa sababu moja. Nchi yake ilipokuwa imeharibiwa na vita, yeye alianza na watoto, wala hakungoja vita viishe.

Kuzaliwa na Malezi

Ernst alizaliwa katika mji wa Altenburg tarehe 25 Desemba 1601, siku ya Krismasi. Baba yake alikuwa Johann, mtawala wa Saxe-Weimar mwenye cheo cha duke, na mama yake alikuwa Dorothea Maria, binti wa watawala wa Anhalt. Ukoo huu ulikuwa na historia kubwa katika Kanisa la Kilutheri. Ernst alikuwa kitukuu wa Johann Friedrich wa Saksonia, mtawala aliyeshindwa na jeshi la Kaisari mwaka 1547, akapoteza sehemu kubwa ya nchi yake na kukaa kifungoni miaka kadhaa kwa kushikamana na imani ya Matengenezo ya Kanisa. Katika nyumba kama hiyo, mtoto alijifunza mapema kwamba imani ina gharama.

Baba yake alifariki mwaka 1605, Ernst akiwa hajatimiza miaka minne. Malezi ya wana wengi wa kiume yakabaki mikononi mwa mama yao mjane. Dorothea Maria alikuwa mwanamke mwenye kiu ya elimu. Alimwunga mkono mwalimu mmoja aliyeitwa Wolfgang Ratke, ambaye mwaka 1612 aliwapelekea wakuu wa Ujerumani, waliokutana Frankfurt, mpango wa kubadili ufundishaji wote. Ratke alisema kwamba mtoto aanze kujifunza kwa lugha ya mama yake kabla ya kupewa Kilatini. Kwamba mambo mepesi yatangulie magumu. Na kwamba mtoto asilazimishwe kukariri asichokielewa. Mawazo hayo leo twayaona ya kawaida, lakini siku zile mtoto aliingia shuleni akakutana na Kilatini mlangoni, na wengi walirudi nyumbani bila Kilatini wala Kijerumani.

Mama huyo alifariki mwaka 1617. Wakati ndugu na jamaa walipokusanyika Weimar kwa ajili ya mazishi yake, kaka yake Ludwig wa Anhalt pamoja na wenzake walianzisha chama cha kuikuza na kuisafisha lugha ya Kijerumani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1619, nchi ya Weimar ilitoa kanuni mpya ya shule, iliyoandaliwa na mhubiri wa ikulu, Johannes Kromayer. Kanuni hiyo iliagiza kwamba watoto wote, wavulana kwa wasichana, wapelekwe shule tangu umri wa miaka 6 hadi 12. Kijana Ernst alikuwa na miaka 17 wakati huo. Aliona jinsi jambo jema linavyoandikwa katika sheria. Muda si mrefu angeona pia jinsi vita vinavyoifanya sheria kuwa karatasi tupu.

Vita vya Miaka Thelathini

Mwaka 1618 vita vilizuka huko Bohemia, vikaenea katika nchi zote za Wajerumani na kudumu mpaka mwaka 1648. Vilianza kama ugomvi wa dini na utawala kati ya Kaisari Mkatoliki na wakuu wa Kiprotestanti, lakini kadiri miaka ilivyopita mataifa ya nje yaliingia, na mara nyingine Mkatoliki alipigana bega kwa bega na Mprotestanti dhidi ya mkristo mwenzake. Majeshi ya siku zile hayakulishwa na serikali zao. Yalijilisha kwa nafaka, ng'ombe na fedha za vijiji yalimopita, yawe ya adui au ya rafiki. Nyuma ya majeshi zilifuata njaa na tauni. Nchi ya Thuringia, ambamo Gotha imo, ni miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Kuna vijiji vilivyopoteza nusu ya watu wake na zaidi.

Ndugu za Ernst waliingia vitani mmoja baada ya mwingine. Friedrich aliuawa katika mapigano ya Fleurus mwaka 1622. Johann Ernst, aliyekuwa mkubwa wao, alifariki mwaka 1626 akiwa katika safari ya kijeshi. Johann Friedrich alifariki mwaka 1628 akiwa kifungoni. Bernhard akawa jemadari mashuhuri kuliko wote.

Ernst mwenyewe alijiunga na jeshi la Mfalme Gustav Adolf wa Uswidi, aliyewasili Ujerumani mwaka 1630 kuwasaidia Walutheri. Alikuwepo Lützen mwezi Novemba 1632, mfalme huyo alipouawa vitani. Baadaye Bernhard alipopewa nchi ya Würzburg na Bamberg iliyotekwa, alimkabidhi Ernst kazi ya kuiongoza. Huko Ernst alijaribu kurudisha utaratibu wa mahakama, makanisa na shule katika nchi iliyochoka, ambayo wananchi wake wengi walikuwa Wakatoliki. Kazi hiyo haikudumu. Septemba 1634 jeshi la Waswidi na washirika wake lilishindwa vibaya huko Nördlingen, na yote yakapotea kwa msimu mmoja.

Mwaka 1635 Ernst aliingia katika mkataba wa amani wa Praha uliofanywa na Kaisari, akaweka silaha chini. Bernhard aliendelea kupigana hadi kifo chake mwaka 1639. Ndugu wawili wa nyumba moja walichagua njia mbili, na historia inawakumbuka wote wawili. Lakini ni mmoja tu aliyeacha shule.

Kuingia Gotha

Mwaka 1636 Ernst alimwoa Elisabeth Sophie wa Saxe-Altenburg. Mungu aliwajalia watoto 18, ingawa wengi wao walifariki kabla ya kukua, kama ilivyokuwa katika nyumba nyingi za zama zile, za matajiri na za maskini. Mwaka 1640 ndugu watatu waliobaki waligawana urithi wa baba yao: Wilhelm alibaki Weimar, Albrecht alipewa Eisenach, na Ernst akapewa Gotha.

Alichokipokea kilikuwa nchi ndogo na maskini. Hata nyumba ya mtawala haikuwepo, kwa maana ngome ya zamani ya Gotha, iliyoitwa Grimmenstein, ilibomolewa mwaka 1567 kwa amri ya Kaisari baada ya mtawala wa wakati huo kuasi. Mashamba mengi yalikuwa yamegeuka pori. Wachungaji wengine walikuwa wamekufa, wengine wamekimbia. Walimu wa vijijini, ambao kwa desturi walikuwa pia wapiga kengele na viongozi wa nyimbo kanisani, walikuwa wakiishi kwa chochote walichogawiwa na wanakijiji. Na wanakijiji wenyewe hawakuwa na kitu. Kulikuwa na vijana waliofikia umri wa kuoa ambao hawakuijua nchi yenye amani hata siku moja, wala hawakuwahi kushika kitabu.

Washauri wa mtawala yeyote wangeweza kusema kwamba shule zingoje. Kwanza kuta zijengwe, kodi zikusanywe, askari waondoke. Vita vilikuwa bado vina miaka minane mbele, ingawa hakuna aliyejua idadi hiyo. Ernst aliona kinyume. Mtoto wa miaka 8 hawezi kuambiwa angoje mpaka wakuu wakubaliane. Amani ikija atakuwa mtu mzima, na ujinga wake utakuwa umeshaota mizizi.

Ukaguzi wa Nchi Nzima

Hatua ya kwanza haikuwa kujenga darasa. Ilikuwa ni kwenda kuona. Kuanzia mwaka 1641 hadi 1645 ulifanyika ukaguzi mkuu wa sharika zote za nchi ya Gotha, chini ya Salomon Glassius, mwanateolojia aliyekuwa msimamizi mkuu wa kanisa. Katika jambo hili Ernst alifuata nyayo za Martin Luther mwenyewe. Luther alipokagua sharika za Saksonia mwaka 1528 alikuta watu wasiojua hata Sala ya Bwana, na kutokana na masikitiko hayo aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529. Miaka mia moja na zaidi baadaye, vita vilikuwa vimewarudisha watu wa Gotha mahali palepale.

Wakaguzi walikwenda kijiji kwa kijiji. Waliuliza habari za mchungaji, mwalimu, jengo, mshahara, na idadi ya watoto. Daftari ziliandaliwa za kuorodhesha watu wa kila nyumba na maarifa yao ya imani. Walikuta ujinga mkubwa, si kwa watoto tu bali hata kwa wazazi. Kwa hiyo Ernst aliamuru kwamba watu wazima wasioweza kujibu maswali ya Katekisimo nao wafundishwe. Agizo hili halikupendwa. Mtu mwenye mvi aliona aibu kukaa na kuulizwa maswali kama mtoto, na wako wachungaji walioona kwamba mtawala amevuka mpaka. Ernst hakurudi nyuma. Yeye aliamini kwamba mzazi asiyejua hataona faida ya mtoto wake kujua.

Kanuni ya Shule ya Mwaka 1642

Mtu aliyeuweka mpango huu katika maandishi alikuwa Andreas Reyher, mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya Gotha. Alizaliwa mwaka 1601, sawa na Ernst. Mwaka 1642 kilitoka kitabu chake cha kanuni ya kufundisha, ambacho kwa kifupi kinajulikana kama Schulmethodus. Kilichapwa tena mara kadhaa katika uhai wa Ernst, na kila toleo lilirekebishwa kutokana na yaliyoonekana madarasani.

Jambo la kwanza katika kanuni hiyo ni kwamba iliwahusu watoto wote. Jina lake refu lenyewe lilitaja wavulana na wasichana, wa vijijini na wa mijini. Haikuandikwa kwa ajili ya wana wa wakuu waliokusudiwa kuwa makarani na wachungaji. Iliandikwa kwa ajili ya mtoto wa mkulima ambaye atakuwa mkulima, na binti ambaye atakuwa mama wa nyumba. Mtoto alipaswa kuanza shule akiwa na umri wa miaka 5, na kuendelea mpaka awe amejua yanayotakiwa.

Jambo la pili lilikuwa wajibu wa wazazi. Mzazi ambaye hakumpeleka mtoto shuleni alitozwa faini. Wazazi wengi walinung'unika, nasi tunaweza kuwaelewa: mahali ambapo vita vimeua wanaume na farasi, mikono ya mtoto ni nguvu kazi, na mifugo haijichungi. Kwa hiyo kanuni iliruhusu mapumziko wakati wa mavuno. Lakini nje ya mapumziko hayo shule iliendelea mwaka mzima, kiangazi na wakati wa baridi, tofauti na desturi ya zamani ambapo watoto wa vijijini walisoma majira ya baridi tu, wakati kazi za shamba zimelala.

Jambo la tatu lilikuwa utaratibu wa kufundisha. Watoto waligawanywa katika madarasa matatu. Wa chini walijifunza herufi na kuunganisha silabi. Wa kati walisoma. Wa juu waliandika na kufanya hesabu. Wote waliimba, na wote walijifunza Katekisimo na Biblia kwa lugha yao wenyewe, Kijerumani. Mwalimu aliandikiwa hatua kwa hatua nini afanye katika kila saa, kwa maana Ernst na Reyher walijua kwamba walimu wengi wa vijijini hawakuwa wamesomea kazi hiyo. Kwa namna hiyo kitabu kimoja kilikuwa sheria ya shule na wakati huohuo chuo cha mwalimu.

Jambo la nne, ambalo wataalamu wa elimu wanaliheshimu mpaka sasa, lilikuwa kuingiza maarifa ya dunia katika shule ya kijiji. Mwaka 1657 Reyher alitoa kitabu kifupi cha kiada juu ya mambo ya asili, maarifa yenye manufaa, uendeshaji wa nchi na wa kanisa, na kanuni za nyumbani. Watoto walifundishwa habari za mimea, wanyama, mwili wa binadamu, vipimo, kalenda, na jinsi nchi yao inavyotawaliwa. Hapa lilionekana somo la Ratke, na la Comenius, askofu na mwalimu mkuu wa zama hizo kutoka Moravia, ambaye vita hivyohivyo vilimfukuza kwao asirudi tena. Kwa wanaume hawa, kujua jinsi Mungu alivyoumba chungu na mti hakukuwa nje ya imani. Kulikuwa ni kumsifu Muumba kwa akili.

Shule zilijengwa na kukarabatiwa, mishahara ya walimu ikaangaliwa upya, na vitabu vikachapwa Gotha kwenyewe. Mtihani ulifanyika kila mwaka ili ionekane mtoto amefika wapi. Haikupita miaka mingi, ikavuma katika nchi jirani kwamba wakulima wa Mtawala Ernst wana elimu kuliko mabwana wa mahali pengine. Yawezekana waliosema hivyo walitia chumvi, lakini msemo wa namna hiyo hauzuki bila sababu.

Jiwe la Amani

Mwaka 1643 Ernst alianza kujenga makao yake juu ya kilima palipobomolewa ngome ya Grimmenstein. Jina la zamani lilibeba maana ya jiwe la ukali. Yeye alichagua jina Friedenstein, yaani jiwe la amani. Amani yenyewe ilikuwa haijafika. Juu ya lango kuu iliwekwa sanamu ya Haki na Amani zikipeana busu, kama ilivyo katika Zaburi ya 85. Vita vilikwisha kwa mkataba wa Westphalia mwezi Oktoba 1648, na kazi kubwa ya ujenzi ilikamilika katika miaka ya 1650.

Jumba hilo lilikuwa na kanisa, ofisi za serikali, hazina, ghala la silaha, karakana ya kutengeneza sarafu, na maktaba. Linasimama hadi leo, na maktaba yake ni miongoni mwa hazina kubwa za maandishi ya kale nchini Ujerumani. Katika maktaba hiyo Ernst alimpa kazi kijana Veit Ludwig von Seckendorff, ambaye mwaka 1656 alitoa kitabu maarufu juu ya namna ya kuitawala nchi kwa haki, na baadaye akaandika historia kubwa ya Ulutheri. Mwaka 1641 ilikuwa imetoka pia Biblia yenye maelezo iliyoandaliwa kwa juhudi za Ernst na kuchapwa Nuremberg, ili baba wa nyumba aweze kuisoma na kuielewa pamoja na jamaa yake.

Mgeni kutoka Afrika

Wasomaji wetu watafurahi kujua kwamba katika jumba hilo aliwahi kukaribishwa Mwafrika msomi. Katika majira ya joto ya mwaka 1652 alifika Gotha padri wa Ethiopia aliyeitwa Abba Gorgoryos, kwa mwaliko wa Ernst. Mwenyeji wake alikuwa Hiob Ludolf, mtaalamu wa lugha aliyekutana naye Roma mwaka 1649, na ambaye sasa alikuwa akiwafundisha watoto wa Ernst. Gorgoryos aliulizwa mengi juu ya nchi yake, wafalme wake, na kanisa lake la kale. Alijibu kama mwalimu anayefundisha, naye Ludolf aliandika. Kutokana na mafundisho hayo Ludolf alitoa vitabu vya Kigiizi, Kiamhari na historia ya Ethiopia, vilivyokuwa msingi wa elimu hiyo Ulaya. Gorgoryos alifariki mwaka 1658 baada ya meli yake kuzama akiwa njiani kurudi Mashariki.

Ernst alitamani uhusiano zaidi na kanisa hilo la Afrika. Mwaka 1663 alimtuma mtu aitwaye Johann Michael Wansleben kwenda Ethiopia kupitia Misri. Safari hiyo haikufanikiwa: Wansleben hakuifikia Ethiopia, na baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki huko Roma. Lakini ni jambo la kukumbuka kwamba mtawala wa nchi ndogo, ambayo majeraha yake yalikuwa hayajapona, aliwahi kumketisha Mwafrika kama mwalimu.

Mapungufu Yake

Hatuandiki habari za malaika. Ernst alikuwa mkali. Alitaka kuchunguza kila jambo la maisha ya watu wake, kuanzia mavazi na karamu za arusi hadi sala za nyumbani, na wako waliomdhihaki kwa wingi wa sala zake. Jumba la Friedenstein lilijengwa kwa jasho na gharama ya wananchi waliokuwa bado maskini. Faini za shule ziliwaangukia watu ambao hawakuwa na ziada.

Jambo zito zaidi ni kwamba mahakama za nchi yake, hasa wilaya ya Georgenthal, ziliendelea kuwashitaki watu kwa uchawi, wengi wao wanawake, na wengine waliuawa. Nchi iliyosifiwa kwa elimu haikuweza kulitoa giza hilo katika kizazi kimoja. Twapaswa kulisema hili kwa unyenyekevu, kwa kuwa hata miongoni mwetu wako vikongwe walioteswa kwa sababu ya macho mekundu tu. Kusoma herufi ni mwanzo. Kuzishinda hofu za mababu ni kazi ndefu zaidi.

Mwisho wa Maisha Yake

Mwaka 1672 Ernst alirithi sehemu kubwa ya nchi ya Altenburg, alikozaliwa, na utaratibu wake wa shule na kanisa ukapata uwanja mpana zaidi. Andreas Reyher alifariki mwaka 1673, na mwaka uliofuata Ernst, akiwa amedhoofika, alimkabidhi madaraka mwanawe Friedrich. Alifariki tarehe 26 Machi 1675, akiwa na umri wa miaka 73, akazikwa katika Kanisa la Mtakatifu Margareta mjini Gotha. Baada ya kifo chake wana wake saba waligawana nchi, na utawala alioujenga kwa uangalifu ukawa vipande vidogo. Miongoni mwa uzao wake alitokea Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza.

Nchi iligawanyika, lakini shule hazikugawanyika. Mfano wa Gotha uliigwa na watawala wengine, na wazo la kwamba kila mtoto wa nchi anapaswa kusoma likaendelea kukua Ujerumani katika karne zilizofuata.

Kutoka Gotha hadi Kilimanjaro

Yako matunda mengine ambayo Ernst hakuyaona. Mwaka 1666 alimwita Gotha mwanasheria Johannes Francke. Mwanasheria huyo alikuwa na mtoto mdogo, August Hermann, aliyezaliwa mwaka 1663. Mtoto huyo alikulia Gotha na kusoma katika shule ya mji ule. Alipokuwa mchungaji na profesa huko Halle alianzisha, tangu mwaka 1695, shule za maskini na nyumba ya yatima zilizojulikana duniani kote. Kutoka Halle walitoka Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, waliofika Tranquebar, kusini mwa India, mwaka 1706, na kuanzisha misioni ya kwanza ya Kilutheri huko, pamoja na shule kwa lugha ya wenyeji. Kazi hiyo ya Tranquebar baadaye ilipokelewa na Misioni ya Leipzig, iliyoanzishwa mwaka 1836. Na ni Misioni ya Leipzig iliyofika Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwaka 1893.

Ndiyo maana katika sharika nyingi za kale za eneo letu shule na kanisa vilizaliwa pamoja, na mtu mmoja aliitwa mwalimu siku za juma na siku ya Bwana. Ndiyo maana chuo cha walimu kilifunguliwa Marangu mwaka 1912, kabla ya barabara nzuri na kabla ya hospitali nyingi. Vita Vikuu vya mwaka 1914 hadi 1918 vilipofika katika ardhi yetu, na wamisionari Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920, ni walimu na wainjilisti Waafrika waliobaki na watoto. Hawakuwa na mshahara wa uhakika wala vitabu vya kutosha. Hawakungoja. Waliwakusanya watoto, wakawafundisha herufi na Katekisimo, na waliporudi wamisionari walikuta sharika zikiwa hai.

Walimu hao huenda hawakuwahi kulisikia jina la Ernst wa Gotha. Lakini walifanya kama yeye alivyofanya, nao walifanya kwa uwezo mdogo zaidi kuliko wake. Yeye alikuwa mtawala mwenye hazina na sheria. Wao walikuwa na ubao, chaki, na kivuli cha mti. Tunapoanza karne ya pili ya usharika wetu, tuna majengo ambayo hawakuyaota. Wapo pia watoto wa usharika huu ambao leo hawako darasani, kwa sababu ya umaskini, yatima au uzembe wa wazazi. Wazee wa kanisa wanayajua majina yao, au wanaweza kuyajua wakienda nyumba kwa nyumba kama wakaguzi wa mwaka 1641. Watoto hao nao hawawezi kungoja.

Mungu wetu, aliyewainua watumishi wake katika siku za shida, aujalie usharika huu na Dayosisi yetu moyo wa kuendelea na kazi hiyo. Amina.